Kuiona Pumzi ya Mtoto: Gesi ya Xenoni, Sumaku na Mapafu ya Watoto wa Bukavu

Picha ya eksirei ya kifua, ambayo kwa zaidi ya karne moja imekuwa tegemeo la madaktari wa mapafu, huonyesha umbo la kiungo hicho lakini hunyamaza kuhusu kazi yake, kwani huweza kufichua uvimbe, maji au kovu bila kueleza iwapo hewa anayoivuta mtoto inafika katika kila pembe ya pafu, wala iwapo oksijeni iliyomo inavuka na kuingia katika damu. Katika miongo mitatu iliyopita wanasayansi wamebuni njia ya kulijibu swali hilo, ambapo mtoto huvuta gesi maalumu isiyo na rangi wala harufu, akabana pumzi kwa sekunde chache, na mashine ya sumaku ikaichora gesi hiyo ikiwa ndani ya mapafu yake. Njia hiyo inahusu upigaji picha kwa sumaku, yaani MRI, ambayo katika hospitali za Kongo huitwa IRM kwa kufuata Kifaransa. Kwa mji wa Bukavu, ambako vifua vya watoto vinabeba mzigo mkubwa na vipimo ni vichache, maarifa hayo yana maana pana kuliko inavyodhaniwa, hata kabla mashine yenyewe haijafika.

Bukavu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo kila pumzi inayovutwa humo ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na pumzi ya Mombasa au Dar es Salaam. Mtoto mwenye afya huizoea hali hiyo bila taabu, lakini mwenye nimonia au pumu huwa na akiba ndogo zaidi ya kujitetea. Juu ya hayo kuna moshi. Nyumba nyingi za komuni za Kadutu, Bagira na Ibanda hupikia makala, yaani makaa ya miti, kwenye jiko la mbabula, na sehemu ya makala hayo imetokana na miti ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970 na ambayo tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Makala yaliyokolea hutoa moshi mdogo kuliko kuni, jambo linalowafanya wazazi wengi wayaone kuwa salama, ilhali hutoa kwa wingi gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo huing'ang'ania chembe nyekundu ya damu na kuinyima oksijeni nafasi yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano.

Watu wa Kivu, kwa hakika, hawahitaji kufundishwa kwamba gesi zina tabia tofauti. Ziwa lao limehifadhi katika vina vyake takriban kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, na upande wa kaskazini, karibu na Goma na Sake, dioksidi ya kaboni inayochomoza ardhini hutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua mbuzi na watoto wadogo ambao vichwa vyao viko karibu na udongo. Wenyeji huiita mazuku, neno la Kiswahili cha Kivu ambalo wanasayansi wa volkano wa dunia nzima wamelikopa na kulitumia katika maandishi yao.

Ili kufahamu kwa nini kuyapima mapafu ya mtoto ni jambo la haraka, inafaa kukumbuka kwamba pafu huendelea kujengwa baada ya kuzaliwa. Mrija mkuu wa hewa hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, hadi kufikia vifuko vidogo vya hewa ambavyo ndivyo mahali pa kubadilishana gesi na damu. Mtu mzima ana vifuko hivyo mamia ya milioni, na vingi kati yake huongezwa katika miaka ya mwanzo ya utoto. Uwezo wa mapafu hupanda hadi mwanzoni mwa umri wa miaka ya ishirini, kisha huanza kushuka polepole maisha yote. Mtoto ambaye mapafu yake yalizuiliwa kukua kwa moshi, kwa maambukizi ya mara kwa mara au kwa utapiamlo, huanza safari ya kushuka akiwa tayari yuko chini, na akifika miaka hamsini huhema kwa kupanda mteremko mmoja tu wa Bukavu. Katika Kivu Kusini jambo hilo lina uzito wa pekee, kwani uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa jimbo hilo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Kipimo cha kawaida cha kazi ya mapafu ni spiromita, kifaa ambacho mgonjwa hukipulizia kwa nguvu zake zote ili kipime kiasi cha hewa kinachotoka na kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Ni kifaa cha maana na cha bei nafuu kwa kulinganisha, lakini kina upungufu wa aina mbili. Kwanza, kinahitaji ushirikiano wa mgonjwa, na watoto walio chini ya miaka mitano au sita kwa kawaida hawawezi kupuliza ipasavyo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hutoa jumla ya mapafu yote kwa nambari chache. Mirija midogo ya hewa ni mingi mno kiasi kwamba sehemu kubwa yake inaweza kuziba huku jumla ikibaki karibu na kawaida. Ni sawa na mtu anayehesabu magari kwenye barabara ya Patrice Lumumba na kuhitimisha kwamba mji wote unapitika, ilhali katika miteremko ya Kadutu vichochoro vimefukiwa na maporomoko ya udongo na watu wamekwama majumbani mwao. Hesabu ya barabara kuu ni ya kweli, ila swali lililoulizwa silo.

MRI ya kawaida nayo ilishindwa na mapafu kwa muda mrefu. Mashine hiyo, iliyowapatia Paul Lauterbur na Peter Mansfield Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003, hutegemea viini vya atomi za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Kila kiini hujizungusha kama pia ya watoto na kuwa sumaku ndogo sana. Ndani ya uga wa sumaku kubwa, viini hivyo hujipanga kwa kuufuata uga au kuupinga, na tofauti ya idadi kati ya makundi hayo mawili, ambayo ni viini vichache tu katika kila milioni, ndiyo inayotoa ishara ya redio ambayo hugeuzwa kuwa picha. Katika ubongo au ini, palipojaa maji, uchache huo hautatizi. Pafu, kinyume chake, kwa sehemu kubwa ni hewa, na mipaka isiyohesabika kati ya hewa na nyama huuvuruga uga wa sumaku na kuifisha ishara mapema, hivyo katika picha mapafu hutokea kama mashimo mawili meusi.

Ufumbuzi ulikuja kutoka tawi la fizikia ambalo halikuwa na nia yoyote ya tiba. Mfaransa Alfred Kastler, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1966, alikuwa ameonyesha kwamba mwanga unaweza kutumiwa kuzielekeza atomi upande mmoja. Kwa kufuata msingi huo, mwanga wa leza huelekezwa kwenye mvuke wa madini ya rubidi. Atomi za rubidi huupokea mwelekeo kutoka kwa mwanga, kisha zinapogongana na atomi za gesi ya xenoni huviambukiza viini vyake mwelekeo huo, mpaka sehemu kubwa ya viini, si vichache katika milioni tena bali asilimia kumi, ishirini au zaidi, inakuwa imeelekea upande mmoja. Ishara ya gesi iliyotayarishwa hivyo huongezeka makumi ya maelfu ya mara. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Mitchell Albert na William Happer, walichapisha picha za kwanza za xenoni ndani ya mapafu ya panya, na miaka miwili baadaye binadamu alipigwa picha kwa kutumia heli-3. Heli-3 ilitoa picha nzuri zaidi mwanzoni, lakini hupatikana kutokana na kuoza kwa triti, zao la viwanda vya silaha za nyuklia, na ilipoadimika kuelekea mwaka 2010 watafiti walirudi kwa xenoni, ambayo imo katika hewa ya kawaida, ingawa kwa uchache wa sehemu moja katika zaidi ya milioni kumi na moja.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Gesi iliyoelekezwa huwekwa katika mfuko wa plastiki, kipimo chake kikilinganishwa na ukubwa wa mapafu ya mtoto; mtoto aliyelala ndani ya mashine huivuta kwa mrija, hubana pumzi kwa sekunde kumi hadi kumi na sita, kisha hupumua kama kawaida. Hakuna wakati wa kupoteza, kwani oksijeni iliyomo katika mapafu huufuta mwelekeo wa viini katika muda wa sekunde ishirini hivi. Xenoni kwa wingi ni dawa ya nusukaputi, hivyo baadhi ya watoto huhisi kizunguzungu au ganzi ya midomo kwa dakika moja au mbili, na kiwango cha oksijeni hufuatiliwa muda wote, lakini hakuna mionzi kama ile ya eksirei au skana ya CT. Faida hiyo ni kubwa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, ambaye hulazimika kupimwa tena na tena kwa miaka mingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha xenoni hiyo kwa matumizi ya hospitali mnamo Desemba 2022, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea, na baadaye ikaushusha umri huo hadi miaka sita.

Picha inayopatikana huonyesha gesi ilikoenda, na mahali palipo peusi ni mahali ambapo hewa haikufika. Daktari hupima ukubwa wa sehemu hizo nyeusi kama asilimia ya mapafu yote, na kwa nambari hiyo huweza kumlinganisha mtoto na nafsi yake mwenyewe kabla ya dawa na baada yake. Katika hospitali za watoto za Cincinnati na Toronto, na katika Chuo Kikuu cha Sheffield, watafiti wamewachunguza watoto wenye sistiki fibrosisi, yaani ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mapafu uwe mzito na kuziba mirija, na wamekuta sehemu zisizofikiwa na hewa kwa watoto ambao spiromita iliwatangaza kuwa wazima. Hilo si jambo dogo: mtoto aliyeambiwa ni mzima alikuwa tayari amepoteza sehemu ya pafu lake, na hapakuwa na kipimo cha kawaida cha kumsemea. Xenoni, zaidi ya hayo, huyeyuka. Huvuka utando mwembamba wa kifuko cha hewa na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila mahali inapokuwa hubadilisha kidogo masafa ya ishara yake, hivyo mashine huweza kutofautisha xenoni iliyo hewani, iliyo katika utando na iliyo katika damu. Kwa njia hiyo safari yote ya oksijeni, tangu mdomoni hadi damuni, huweza kukisiwa kwa pumzi moja.

Je, Bukavu ujitayarishe kununua mashine hiyo? Jibu la kweli ni hapana, si sasa. Mbali na mashine ya MRI yenyewe, kunahitajika mtambo wa leza wa kuielekeza gesi, koili ya kupokea ishara ya xenoni, ambayo katika sumaku ya tesla 1.5 husikika kwenye megahezi 18 hivi ilhali haidrojeni iko kwenye 64, pamoja na wataalamu wa fizikia wanaoishi karibu na mtambo, kwa kuwa gesi iliyotayarishwa hupoteza nguvu yake katika muda wa saa chache. Umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi hukatika. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu na kuingia mjini, hata bidhaa za kawaida za hospitali zimekuwa na njia ngumu ya kufika. Lipo pia jambo la haki ya kipaumbele, ambalo xenoni yenyewe inalikumbusha: gesi hiyo hupatikana katika viwanda vikubwa vinavyoipoza hewa hadi iwe kimiminika ili kuitenganisha, na zao la kwanza la viwanda hivyo ni oksijeni. Hospitali ambayo bado inahesabu mitungi ya oksijeni ya watoto wenye nimonia haina sababu ya kuitafuta xenoni kabla ya kuitosheleza oksijeni.

Hata hivyo, kuufunga mjadala hapo kungekuwa kosa, kwani teknolojia hii ina tabia moja inayoifaa Afrika kuliko wengi wanavyojua. Katika MRI ya kawaida, ishara huongezeka kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, na sumaku yenye nguvu ndiyo gharama kuu. Xenoni, kwa sababu imeelekezwa nje ya mashine kwa leza, haihitaji sumaku kubwa ili itoe ishara, na majaribio ya Ulaya na Marekani yalikwisha kuonyesha kwamba mapafu yanaweza kuchorwa kwa gesi za aina hii katika uga dhaifu. Nchini Uganda, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, timu ya mhandisi Johnes Obungoloch kwa kushirikiana na wenzao wa Leiden na Delft, Uholanzi, na wa Marekani, iliunganisha mwaka 2022 mashine ya MRI yenye nguvu ya takriban tesla 0.05, iliyokusudiwa kwa watoto wenye maji kichwani, na kazi hiyo ilifanyika papo hapo Mbarara, sehemu kwa sehemu. Mashine hiyo si ya mapafu. Lakini inathibitisha kuwa mikono ya eneo la Maziwa Makuu inaweza kuijenga na kuitengeneza sumaku ya aina hiyo, na anayejua kuitengeneza hamsubiri fundi kutoka ng'ambo. Huko Hannover, Ujerumani, watafiti wamekwenda njia nyingine, wakibuni mbinu ya kukisia mwendo wa hewa kwa MRI ya kawaida bila gesi yoyote, mtoto akipumua kwa utulivu wake.

Faida iliyo karibu zaidi kwa Bukavu, hata hivyo, ni xenoni kuwa mizani ya kupimia vipimo vingine. Afrika ya Mashariki na ya Kati imekwisha kufanya tafiti kubwa kuhusu moshi na vifua vya watoto, na majibu yake yamekuwa machungu. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba majiko yaliyoboreshwa hayakupunguza nimonia. Katika utafiti mwingine wa nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo, wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa, wengine wakipewa gesi ya kupikia na wengine wakiendelea na kuni, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kali ya watoto wachanga. Mtu mwenye haraka angesema moshi hauna neno. Hitimisho hilo halifai, kwa sababu nimonia ina vyanzo vingi na ni tukio la ghafla, wakati madhara ya moshi huenda yakawa ya kujikusanya taratibu, katika ile mirija midogo ambayo hakuna aliyeitazama. Jijini Nairobi, utafiti ulioitwa Tupumue uliwapima watoto zaidi ya 2,000 wa mtaa wa Mukuru na wa Buruburu, na ukakuta kuwa watoto waliokwisha kutambuliwa na daktari kuwa na pumu walikuwa wachache Mukuru, kwenye mabanda na moshi, kuliko Buruburu. Si rahisi kuamini kwamba mabanda yanakinga pumu. Rahisi zaidi kuamini ni kwamba mtoto wa mabanda haonwi na daktari.

Vipo vipimo vya bei ndogo vinavyohitaji tu mtoto apumue kawaida, kama kile kinachopeleka mawimbi madogo ya hewa mdomoni na kupima ukinzani wa mirija, ambacho huwezekana hata kwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Vipimo hivyo vinapolinganishwa na picha za xenoni katika vituo vyenye uwezo, hujulikana vinaona nini na vinakosa nini, na maarifa hayo husafiri kwa urahisi kuliko mashine. Kinachobaki ni kujua mapafu ya mtoto wa Bukavu yanapaswa kuwa na ukubwa gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima kwa spiromita watoto wa shule wa Angola, Kongo na Madagaska ili kujua kama viwango vya kimataifa vinawafaa, nao ni mfano mzuri. Lakini watoto wa nyanda za juu za Kivu, wanaoishi kwenye mwinuko na wengi wao wakiwa wamedumaa, wanastahili kipimo chao wenyewe. Mji una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, una Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo, una Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Spiromita chache, wauguzi waliofunzwa na shule zilizo tayari zinatosha kuianza kazi hiyo, na ni kazi ambayo hakuna mgeni atakayeifanya kwa niaba ya mji.

Wakati hayo yakisubiriwa, kipimo cha zamani kuliko vyote bado ni halali katika kila zoni ya afya. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia na kifua kikiwa wazi. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na mmoja mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, huyo anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida na huenda ana nimonia. Na mtoto yeyote ambaye sehemu ya chini ya kifua inazama ndani anapovuta hewa, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asingojee asubuhi.